Fungu la Binti Katika Ukuta wa Gortyna

Kutoka mji wa Heraklion hadi kijiji cha Agioi Deka, kusini mwa kisiwa cha Krete, ni kiasi cha kilomita 45 za barabara ipandayo milimani kisha ikateremka katika uwanda wa Messara. Hapo ndipo tuliposhuka, mimi na mume wangu pamoja na wageni wengine wachache, tukamkuta mwongozaji wetu akitungoja kivulini. Alikuwa mama wa makamo, mwenye kofia pana na fimbo mkononi. Alituuliza kwanza kama kila mmoja ana maji ya kutosha, kisha akatazama viatu vyetu. Vyangu hakuvisifu.

Njia yenyewe si ngumu. Ni vijia vya udongo vipitavyo baina ya mizeituni, na magofu ya Gortyna yametapakaa humo humo mashambani, hata mtu hajui kuwa ameingia mjini mpaka ajikwae kwenye kipande cha nguzo. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Warumi walipoitawala Krete pamoja na Cyrenaica, ambayo leo ni sehemu ya Libya. Tulipita makazi ya liwali wao, tukapita hekalu la Apollo, nyenje wakilia juu ya miti bila kupumzika. Adhuhuri ilipoingia tulitandika kanga chini ya mzeituni tukasali, na yule mama akawaomba wenzetu wakae wapumzike kidogo, kana kwamba ndiye aliyechoka.

Baadaye, kwa kuwa ametuona tukisali, alitusimulia habari ya Waislamu wa Krete. Mwaka 818 watu wa kitongoji kimoja cha Cordoba, huko Andalusi, walimwasi mtawala wao wakafukuzwa. Baadhi yao walifika Iskandaria, na kutoka huko, katika miaka ya 820, wakavuka bahari wakiongozwa na Abu Hafs Umar wakakitwaa kisiwa hiki. Walijenga ngome pwani ya kaskazini na kuizungushia handaki, na mji ukaitwa kwa jina hilo, Khandaq. Ndio Heraklion ya leo. Ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi handaki. Walitawala hadi mwaka 961, Warumi wa Konstantinopoli walipokirudisha kisiwa mikononi mwao. Gortyna, iliyokwisha kuumizwa na tetemeko la ardhi katika karne ya 7, haikuinuka tena.

Lakini si hayo yaliyonileta. Nilikuja kwa ajili ya ukuta.

Uko nyuma ya ukumbi mdogo wa Kirumi, umehifadhiwa chini ya paa la matofali, na mgeni huutazama kupitia vyuma. Ni safu 12 za maandishi, mistari ipatayo 600, yaliyochongwa katika karne ya 5 kabla ya Miladia. Mstari mmoja husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na wa pili hurudi kushoto kwenda kulia, kama ng'ombe wa plau anavyogeuka afikapo mwisho wa shamba. Warumi waliyakuta mawe haya wakayajenga tena katika ukumbi wao. Halafu yakasahauliwa, hata mwaka 1884 Mwitaliano Federico Halbherr alipoona herufi katika mfereji wa maji ya kinu.

Ni sheria za familia. Mke akiachwa huondoka na mali aliyokuja nayo, na nusu ya alichokifuma kwa mikono yake. Na ikiwa mume ndiye sababu ya kuachana, humlipa sarafu 5. Mume hana ruhusa ya kuuza mali ya mkewe, wala mwana kuuza ya mama yake. Baba akifa, kila mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na kila binti fungu moja.

Mwenye kuisoma Suratun-Nisaa lazima asimame hapo. Nami nilisimama, ila sikutaka kujidanganya. Katika ukuta ule nyumba za mjini na mifugo ni za wana wa kiume kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe. Binti asiye na baba wala ndugu wa kiume aliamriwa aolewe na ami yake, jambo ambalo kwetu ni haramu. Na adhabu ya kumdhulumu mtumwa ilikuwa hafifu kuliko ya kumdhulumu mtu huru. Kwetu fungu la binti limo katika kila kilichoachwa na marehemu, kikubwa na kidogo, nyumba ikiwemo.

Limo katika Kitabu. Mama yangu alipofiwa na baba yake, shamba la minazi liligawanywa baina ya wajomba zangu watatu, na nyumba ikasemwa kuwa ni ya wanaume. Yeye aliitwa baada ya miezi akapewa doti mbili za leso na kilo kadhaa za sukari. Alishukuru. Hakuna aliyemnyang'anya kwa ukali. Walizungumza naye kwa upole sana, na wote walikuwa watu wa safu ya mbele msikitini.

Jioni tulivuka kijito tukapanda kilima cha ngome ya kale. Kutoka juu Messara yote huonekana, mizeituni hadi upeo wa macho. Mume wangu aliniona nikikunja vidole kimya kimya, akaniuliza nahesabu nini.

"Minazi ya mama," nikamwambia. "Nyumba sijaifikia."