Kemikali kwenye chupa ya maji: sheria inavyomgusa mtengeneza sabuni wa Mwananyamala

Dar es Salaam. Ukipita Mwananyamala, kuanzia kwa Kopa hadi Komakoma, sabuni ya maji haikosekani dukani. Nyingine ina nembo, tarehe na alama ya TBS. Nyingine imo kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, haina jina wala tarehe, na unaitambua kwa rangi yake tu, kijani au pinki.

Hiyo ya pili mara nyingi haikutoka kiwandani. Imetengenezwa uani, na mama au kijana aliyejifunza kwenye semina ya kikundi au kwenye video ya YouTube. Ni kazi halali, mtaji wake mdogo, na vikundi vingi vya kina mama vimeombea mkopo wa halmashauri kwa ajili hiyo hiyo.

Ila kuna jambo ambalo wengi wao hawaambiwi kwenye hizo semina: wanachokoroga ni kemikali za viwandani, na sheria inayosimamia kemikali za viwanda vikubwa vya Chang'ombe ndiyo hiyo hiyo inayosimamia ndoo yao.

Ndani ya ndoo kuna nini

Kwenye sabuni ya maji kinachobeba kazi kubwa ni salfoniki, asidi nzito ya kahawia inayomiminika kama asali. Ukiichanganya na maji ya magadi, ukali wake unapungua na inageuka kuwa sabuni. Kabla ya hapo inaunguza ngozi, na ikirukia jichoni ni balaa. Slesi inaongeza povu, chumvi inaongeza uzito, na wengine wanatia formalini kidogo ili sabuni isiharibike.

Hiyo formalini ni maji yenye gesi ya fomaldehaidi. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka fomaldehaidi kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Anayeivuta kila wiki ndani ya chumba kisicho na dirisha ni huyo mtengenezaji, siyo mteja anayeoshea vyombo.

Kwa sabuni ya mche mambo ni mazito zaidi, kwa sababu hapo inatumika kostiki soda. Mafundi wa batiki nao wanaitumia. Ikiwa kavu ni vipande vyeupe ambavyo mtoto anaweza kudhani ni chumvi ya mawe. Ikiyeyushwa huwezi kuitofautisha na maji kwa macho. Na inapoyeyuka inatoa joto kali, ndiyo maana fundi anayejua kazi yake anatia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Ukifanya kinyume, ukamwagia maji juu ya kostiki, inaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni.

Onyo linabaki Kariakoo

Kemikali hizi zinapoingia nchini zinakuwa kwenye madumu na mifuko yenye maandishi na michoro ya tahadhari. Mmoja wa michoro hiyo ni umbo la almasi lenye mpaka mwekundu, ndani yake kuna mkono na kipande cha chuma vinavyoliwa na matone. Maana yake: hii inaunguza.

Halafu biashara inaanza. Mwenye duka Kariakoo anafungua dumu, anapima kilo moja, nusu kilo, robo. Anamimina kwenye kilichopo, na kilichopo mara nyingi ni chupa ya maji au ya soda. Mzigo unaondoka na daladala kwenda Mwananyamala, onyo linabaki dukani kwenye dumu. Ukiuliza sehemu ya hatari zaidi kwenye mnyororo mzima, ni hapo, siyo kwenye kukoroga.

Kwenye nyumba ya kupanga yenye familia sita na ua mmoja, chupa hiyo inaweza kuokotwa na mtu yeyote. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kiu hasomi harufu. Funda moja la kostiki linaunguza mdomo, koo na njia ya chakula. Akipona, kovu linaweza kuibana hiyo njia, akawa anashindwa kumeza hata uji, akahitaji kupanuliwa koo hospitalini tena na tena kwa miezi.

Tatizo hili siyo la Dar peke yake wala siyo jipya. Mwanzoni mwa karne iliyopita kina mama wa Marekani nao walikuwa wanapikia sabuni nyumbani kwa kostiki, na makopo yake yalikaa jikoni karibu na sukari. Daktari mmoja wa koo wa Philadelphia, Chevalier Jackson, alichoka kupokea watoto waliofungwa koo kwa makovu. Badala ya kuendelea kuwatibu tu, akaanza kudai sheria ya lebo. Ilichukua miaka, na mwaka 1927 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyolazimisha kopo la kostiki liandikwe kwamba ni sumu, na lieleze huduma ya kwanza.

Sheria ya hapa inasemaje

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Watu wengi wanaijua ofisi hii kwa vipimo vya DNA na kesi za sumu, na ni taasisi ya zamani kweli, mizizi yake inafika mwaka 1895 enzi za Mjerumani. Kemikali za viwandani nazo ziko mikononi mwake.

Kwa kifupi, anayezalisha, kuingiza, kusafirisha, kuhifadhi au kuuza kemikali anatakiwa awe amesajiliwa, na kemikali iwe na lebo. Kwa hiyo duka linalokupimia salfoniki kwenye chupa ya maji bila hata karatasi linakiuka, na wewe unayenunua una haki ya kudai jina la kemikali, hatari yake na huduma ya kwanza. Lipo hata jina la nyaraka yenyewe: karatasi ya taarifa za usalama. Ukiiomba na muuzaji akakushangaa, tafuta duka lingine.

Wanaotengeneza dawa ya kusafishia choo waongeze uangalifu. Asidi ya hidrokloriki wanayoitumia imo kwenye orodha ya kimataifa ya kemikali bashirifu, zile zinazoweza kugeuzwa kutengeneza dawa za kulevya, na ufuatiliaji wake ni mkali zaidi. Halafu dawa hiyo isikutane na Jik. Vikichanganyika inatoka gesi ya klorini, na bafu dogo linatosha kumzimisha mtu.

Ukishaajiri hata vijana wawili wa kukusaidia, OSHA nayo inaingia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, nayo ya mwaka 2003, inataka sehemu ya kazi isajiliwe na mwajiri atoe vifaa vya kinga. Glavu na miwani ni juu ya bosi, siyo za kukatwa kwenye mshahara. Wengi wanakwepa wakiogopa gharama, wakati ada ya kusajili sehemu ya kazi serikali ilishaifuta.

Kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri wa sekta binafsi anachangia asilimia 0.5 ya mishahara, mfanyakazi hachangii kitu. Kijana akiunguzwa jicho na salfoniki, tofauti ya aliyechangiwa na asiyechangiwa inaonekana siku hiyo hiyo kwenye bili ya matibabu.

Mtu anaweza kusema ofisi ni nyingi mno kwa biashara ya ndoo mbili, na hapo ana hoja. Mkemia Mkuu, OSHA, WCF, TBS, manispaa: kila mmoja ana fomu yake. Njia rahisi ya kuanzia ni SIDO. Mjasiriamali mdogo akipata barua ya utambulisho ya SIDO, TBS inampimia bidhaa na kumpa leseni ya alama ya ubora bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Kikundi kikienda pamoja kinabanana kidogo kwenye nauli na muda, na kinasikilizwa haraka kuliko mtu mmoja mmoja.

Mabaki yana sheria yake, ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, chini ya NEMC. Maji ya kuoshea ndoo za kostiki au za batiki yakimwagwa mtaroni yanaingia Mto Ng'ombe, kisha Msimbazi, na pembeni ya Msimbazi kuna bustani za mchicha unaoliwa mjini humu.

Ajali ikitokea

Ikimwagikia ngozi au jicho, vua nguo iliyolowa na osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 bila kukatisha. Usiweke siki wala ndimu kwa kudhani vitaua ukali, mchanganyiko huo unaongeza joto.

Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu kemikali itaunguza koo mara ya pili ikirudi. Asukutue mdomo. Habari za kutafuta maziwa zisiwacheleweshe, kimbieni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mwananyamala au iliyo karibu, na mbebe chupa yenyewe hata kama haina lebo. Daktari akijua ni nini kilichomezwa na ni kiasi gani, anaanza kazi mara moja.