Simu Ikilia Dereva Akiwa Safarini: Sheria Inasemaje

Barabara ya kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua, yenye urefu wa kilomita 84, imebadilisha safari za wakazi wa Nyeri. Magari yanayokwenda hayakutani tena uso kwa uso na yanayokuja, na dereva anaweza kwenda mwendo mrefu bila kukanyaga breki. Lakini upanuzi huo unaishia Marua. Kuanzia hapo, anayeelekea Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki anarudi kwenye lami moja inayotumiwa na pande zote mbili, pamoja na malori, bodaboda, baiskeli na watu wanaotembea ukingoni. Na mara nyingi ni karibu na hapo simu huanza kulia. Nyumbani chakula kiko tayari, mteja anasubiri mzigo wake, na kila mmoja ana swali lile lile: “Umefika wapi?”

Dereva anayeichukua simu hiyo huku gari likiendelea na safari amevunja sheria. Wengi wanalijua hilo kwa jumla, ila si wengi wanaojua kosa hilo linafika wapi.

Kanuni za Trafiki kuhusu makosa madogo, za mwaka 2016, zilizotungwa chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, zinaweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu ya mkononi gari likiwa katika mwendo. Katika orodha hiyo hiyo, kutofunga mkanda ni shilingi 500, na kuendesha gari kwenye njia ya waenda kwa miguu ni shilingi 5,000. Kosa la simu, basi, limewekwa katikati: zito kuliko la mkanda, jepesi kuliko la kupanda ukingo na kuwakimbiza watu.

Neno la kuangaliwa ni “kutumia”. Kanuni haikusema kupiga au kupokea simu pekee. Anayesoma ujumbe anatumia simu. Anayetafuta wimbo anatumia simu, na vivyo hivyo anayepiga picha ya Mlima Kenya asubuhi moja adimu ambapo mawingu yameondoka. Hata dereva wa matatu anayethibitisha nauli iliyotumwa kwa M-Pesa anatumia simu, na hili ni jambo la kila siku katika mitaa na barabara zetu. Kutuma pesa kunahitaji nambari ya mpokeaji, kiasi, na nambari ya siri. Kuthibitisha kunahitaji kufungua ujumbe na kusoma jina. Yote hayo ni kazi ya macho, na macho ya dereva yana kazi nyingine.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa matatu, hupita zaidi ya mita 22 kila sekunde. Dereva akitazama simu kwa sekunde tano, gari limesafiri mita 111 bila mtu wa kuliangalia. Urefu huo unapita ule wa uwanja wa mpira. Mjini, kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde mbili tu ni mita 28, umbali unaotosha mtoto wa shule kushuka ukingoni na kufika katikati ya barabara.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya kupata ajali takriban mara nne kuliko asiyeitumia. Huchelewa kukanyaga breki, huyumba kutoka kwenye mstari wake, na husahau kuacha nafasi kati yake na gari lililo mbele. Shirika hilo hilo linasema jambo ambalo madereva wengi hawapendi kulisikia: simu isiyoshikwa mkononi, yaani ile ya spika au ya visikizi, haina usalama mwingi kuliko ile iliyoshikwa.

Hapa panahitaji kusimama kidogo, kwa sababu dereva mwenye visikizi hujiona amelimaliza tatizo. Mikono yote miwili iko kwenye usukani na macho yako barabarani. Kilichobaki ni akili, nayo ndiyo imeondoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwapima madereva wakiwa kwenye kifaa cha kuigiza uendeshaji, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliozungumza kwa simu walizorota kwa kiwango kinachoweza kulinganishwa na waliolewa, na kwamba walioshika simu na wasioishika hawakutofautiana. Mtu anaweza kukitazama kitu kabisa na asikione. Jicho limefika, fikra haijafika.

Swali linalofuata ni kwa nini mazungumzo na abiria aliyeketi kando yasilete hatari ile ile. Jibu ni kwamba abiria anaiona barabara. Gari likiingia kwenye kona yenye ukungu, au lori la majani chai likijitokeza ghafla, abiria hunyamaza mwenyewe, na pengine huwa wa kwanza kusema “angalia.” Aliyepiga simu kutoka Nairobi hajui kwamba mbuzi wamesimama barabarani Naro Moru. Anaendelea kuuliza bei ya viazi.

Isitoshe, akili hairudi mara simu inapokatwa. Utafiti mwingine uliofanywa Marekani mwaka 2015 kuhusu kuagiza simu na vifaa vya gari kwa sauti uligundua kwamba fikra za dereva zinaweza kubaki zimetawanyika hadi sekunde 27 baada ya kumaliza. Hata kwa mwendo wa pole wa kilomita 40 kwa saa, sekunde hizo ni mita 300. Anayemaliza kuzungumza anapoingia mjini anaweza kuwa amefika sokoni kabla ya akili yake kufika.

Bodaboda wana namna yao. Baadhi ya waendeshaji husukuma simu ndani ya helmeti, ikabanwa kati ya shavu na sikio, kisha wakaendelea na safari wakizungumza na mteja wa pili huku wa kwanza akiwa amekalia nyuma. Mikono iko huru, ndiyo. Lakini sikio moja limezibwa, na helmeti iliyotengenezwa kukumbatia kichwa sasa ina kitu kigumu upande mmoja, mahali hasa ambapo kichwa kingegonga. Pikipiki haina mwili wa chuma wa kumkinga mtu. Mteremko, mvua na changarawe iliyomwagika lami ni mambo ya kawaida katika nchi hii ya vilima, na kila moja linahitaji mwendeshaji mwenye fikra zote.

Sasa turudi kwenye sheria, kwa kuwa hesabu ya shilingi 2,000 imewapotosha wengi. Kiasi hicho ni cha kosa la simu likiwa peke yake, bila madhara. Kukitokea kifo, jambo linahama kutoka kwenye orodha ya makosa madogo. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki kinamhusu anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kizembe au kwa namna ya kuhatarisha umma: kifungo kisichozidi miaka kumi, na mahakama hufuta leseni yake na kumzuia kupata nyingine kwa miaka mitatu. Miaka hiyo mitatu huhesabiwa kuanzia hukumu ilipotolewa au kifungo kilipomalizika, lolote litakalochelewa. Kwa anayeishi kwa usukani, ni kupoteza riziki mara mbili.

Kifungu hicho hakitaji simu popote, wala hakihitaji kuitaja. Kinachoangaliwa ni namna gari lilivyoendeshwa na hali ilivyokuwa: barabara ya aina gani, ilikuwa na watu wangapi, ilitumika vipi. Dereva aliyekuwa akisoma ujumbe mbele ya shule saa ya kufunga masomo atakuwa na kazi ngumu ya kueleza. Saa ya simu na saa ya ajali ni vitu vinavyoweza kuwekwa kando kwa kando.

Kifungu hicho hicho kinahusu pia gari lililoachwa barabarani mahali pa hatari. Hili linafaa kukumbukwa na dereva mwema anayesema, “Basi nitasimama nipokee.” Kusimama ghafla kwenye kona, au kuacha nusu ya gari ndani ya lami usiku bila taa, si kutii sheria. Mahali pa kupokea simu ni steji, kituo cha mafuta, au sehemu pana nje kabisa ya barabara.

Je, gari likiwa limesimama kwenye msongamano, tuseme Karatina siku ya soko? Kanuni ya Kenya inazungumzia gari lililo katika mwendo. Uingereza, iliyopiga marufuku simu ya kushika mkononi tangu Desemba 2003, iliona madereva wakibishana na polisi juu ya nini hasa ni kutumia, na mwaka 2022 ikakaza sheria yake ili ihusishe hata kupiga picha na kutafuta nyimbo, na hata dereva akiwa amesimama kwenye taa. Msongamano wa Karatina hauna dakika kamili za kusimama. Gari husogea hatua tatu, likasimama, likasogea tena, na mbele yake kuna mikokoteni na akina mama waliobeba mizigo mgongoni. Anayesubiri kusimama ili asome ujumbe mara nyingi huwa bado anausoma gari likianza kusogea.

Wakazi huuliza pia ni nani anayesimamia haya. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho, na uchukuzi wa umma barabarani. Kukamata madereva kwa makosa ya trafiki ni kazi ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na leseni za udereva na za magari ya abiria ziko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Faini si pesa ya kupeanwa dirishani. Malipo rasmi huwa na risiti, na chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa na anayepokea wote ni wakosaji.

Takwimu za NTSA zinaonyesha kwamba watu 4,748 walifariki barabarani nchini mwaka 2024, kutoka 4,324 mwaka uliotangulia. Kundi kubwa zaidi ni la waenda kwa miguu. Ni wangapi kati yao waliogongwa na dereva aliyekuwa na simu, takwimu hizo hazionyeshi. Taarifa ya ajali mara nyingi husema tu kwamba dereva alishindwa kulidhibiti gari, na maneno hayo hayaelezi kilichomshughulisha wakati huo.

Sheria humwadhibu aliyeshika usukani pekee, ingawa simu huwa na watu wawili. Ofisi ya chama cha matatu inayompigia dereva kuuliza amebakiza viti vingapi inaweza kumpigia makanga. Mke au mume anayejua kwamba mwenzake aliondoka Nairobi saa kumi anaweza kuhesabu mwenyewe. Na aliyepiga akisikia mvumo wa injini, sentensi moja inatosha: “Unaendesha? Nipigie ukifika.” Dereva naye anaweza kuizima sauti ya simu kabla ya kuwasha gari, au kumpa abiria wa mbele aipokee.

Abiria anayeona dereva akiendesha huku anatumia simu ana haki ya kumwambia aache, na wengi wakisema pamoja husikika zaidi kuliko mmoja. Akikataa, ni vyema kuandika nambari ya usajili wa gari, jina la chama lililochorwa ubavuni, mahali na saa, kisha kupeleka taarifa kwa ofisi ya chama hicho, kituo cha polisi kilicho karibu, au NTSA. Panapotokea ajali, nambari za dharura ni 999 na 112.