Pointi za Safari, Kutoka Lilongwe hadi Dzaleka
Kadi ya mkopo inapotumika dukani, muuzaji hukatwa asilimia ndogo ya malipo, na benki huweza kumrudishia mwenye kadi sehemu ya makato hayo kama pointi za safari. Deni lisipolipwa kwa wakati, riba huweza kuzila pointi zote. Mfanyabiashara wa Lilongwe, Malawi, asiye na kadi hiyo bado anaweza kukusanya maili za ShebaMiles, mpango wa zawadi kwa wasafiri, kwa kuruka na Ethiopian Airlines.

Huko Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, mambo ni mengine. Wenye maduka, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, hutegemea taslimu na huduma za pesa kwa simu za Airtel Money na Mpamba. Mtaji mara nyingi hutoka kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Hata maili zingepatikana, mkimbizi angehitaji kwanza hati ya kusafiria.