Said, Saidi au Saeed? Jina moja, karatasi tatu

Nyumba gani ya Waswahili hapa Maskati au Dubai haina Said ndani yake? Kama si baba, ni babu. Kama si babu, basi ni mjukuu aliyepewa jina la babu. Cheti cha Unguja kinasema Saidi, pasi inasema Said, na skuli mwalimu anaandika Saeed. Mtu ni yule yule!

Kwa Kiarabu jina hili ni siin, ain, yaa na dal: سعيد. Maana yake ni mwenye furaha, mtu aliyejaaliwa kheri. Neno lenyewe limo katika Qur-ani, Suratu Hud aya ya 105, panapotajwa watu wa Siku ya Kiyama, waovu na wema. Na Said bin Zayd, Mwenyezi Mungu amridhie, ni mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo.

Ndugu wa jina hili ni wengi: Saad, Masoud na Suud kwa wanaume, Saada na Suad kwa wanawake. Hata Kiswahili chetu kimechota humo humo. Tukisema fulani ana sudi, au tukiomba msaada, shina ni lile lile moja. Kwa hiyo ukimwita mwanao Saidi, umemwombea furaha, na neno la kusaidia liko jirani yake.

Wengi wanalichanganya na Seyyid. Seyyid ni bwana, tena shina lake ni jengine kabisa, halina ain. Mfano mzuri ni Seyyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Samail mwaka 1791, akahamishia makao yake Unguja, na akafariki baharini mwaka 1856 akiwa njiani kurudi huko. Hapo Seyyid ni cheo, Said ndilo jina. Baba wa babu yake naye aliitwa Said, na mtoto wa huyo, Ahmed bin Said, ndiye aliyeanzisha utawala wa Al Busaidi. Marehemu Sultan Qaboos pia alikuwa bin Said.

Sasa tatizo liko wapi? Herufi za kizungu hazina ain, kwa hiyo kila karani anaandika anavyosikia. Akiandika Sayed, ameshakugeuza Seyyid. Na kwa Kiarabu, siin ikiwa saad, neno linakuwa صعيد, nchi ya juu, kama wanavyoiita Misri ya kusini.

Mambo haya huonekana madogo mpaka siku ya viza, au ya mirathi, mtoto anapotakiwa kuthibitisha kuwa Saidi wa Unguja na Saeed wa Maskati ni baba yake mmoja. Basi mzazi, chagua namna moja ya kuandika, uishike katika karatasi zote. Halafu mkalishe mwanao, umwambie maana ya jina lake. Bibi akiita "Saidi!" bila ya ain, aitike tu, ndiye yeye.