Weka Simu Chini, Rusha Mtungi

Mwaka jana tulikuwa watu kumi na wawili kwenye boti ya mbao, Ziwa Victoria, upande wa Kisumu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua linashuka, na kila msee anatafuta picha kali ya kuweka status. Ghafla tukaona boti ndogo imepinduka mbele yetu. Wavuvi wawili walikuwa wameing'ang'ania, mawimbi yanawapiga usoni.

Nahodha wetu alikata kona mara moja. Jamaa mmoja nyuma yangu akalalamika, "Kapteni, tunachelewa bana. Si wengine watawasaidia?"

Nahodha hakugeuza hata kichwa. "Hao wengine ndio sisi," akasema.

Unajua mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa narekodi. Nina video ya sekunde 40. Mvuvi wa kwanza ananyoosha mkono kuelekea boti yetu, karibu kabisa na nilipoketi, na mkono unaomshika ni wa mama mmoja aliyekuwa amekaa mbali kuniliko. Aliruka viti viwili kunipita. Wavuvi wote wawili walitoka salama, lakini ile video sijawahi kuiposti.

Najua siko peke yangu. Unakumbuka Likoni, Septemba 29, 2019? Gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee likiwa na mama na bintiye. Ilichukua siku 13 kuwatoa majini. Kabla ya hapo, Kenya nzima ilikuwa imeshaona video ya gari likizama. Sisemi aliyerekodi angeweza kuwaokoa, la. Nasema tu kwamba simu imekuwa kitu cha kwanza mikono yetu inatafuta.

Siku ile nilidhani nahodha wetu ni mtu poa tu. Baadaye nikaanza kusoma, nikagundua alichofanya ni desturi ya zamani ya watu wa majini, na baharini imeandikwa kabisa kuwa sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuidhinisha 1989, unazungumzia jambo hili katika kifungu cha 98. Kila nchi inatakiwa kuwalazimisha manahodha wa meli zake kumsaidia yeyote wanayemkuta baharini akiwa hatarini kupotea. Haijalishi ni raia wa wapi au alifika huko kwa njia gani. Na vyombo viwili vikigongana, nahodha lazima asaidie kile kingine na, ikiwezekana, akitajie jina la chombo chake. Kwa lugha ya barabarani, hakuna kugonga na kutoroka.

Unaijua Titanic kwa sababu ya sinema. Usiku ule wa Aprili 1912 kulikuwa na meli nyingine karibu, Californian. Mtu wake wa redio alikuwa ameshalala. Wenzake waliona fataki za dharura angani, lakini meli haikwenda. Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ndiyo iliyokimbia gizani katikati ya barafu na kuokoa watu zaidi ya 700. Miaka miwili baadaye mataifa yalitia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini.

Sasa sikiza vizuri, kwa sababu hapa ndipo mashujaa wengi hufa. Sheria hiyo hiyo inasema nahodha asaidie bila kuiweka meli yake, mabaharia wake au abiria wake katika hatari kubwa. Haikuambii ujitupe. Mtu anayezama hushika chochote kilicho karibu, na ukimfuata mikono mitupu atakishika kichwa chako. Badala ya maiti moja, zinakuwa mbili.

Msaada usio na ujuzi pia unaua. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Watu waliokwama ndani walisikika wakigonga. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, na ikazama na waliokuwa ndani.

Lakini ona pia Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43, 24 walipona. Waliofika kwanza ni wavuvi na boti zao za kawaida. Walifika kwa sababu walikuwa karibu.

Kwa hivyo ukiwa karibu, fanya hivi. Piga kelele, mwambie nahodha, kisha mnyooshee kidole anayezama na usimwondolee macho, maana kichwa cha mtu hupotea haraka katikati ya mawimbi. Simu yako sasa ina kazi: piga 999 au 112. Rusha chochote kinachoelea. Boya likikosekana, mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko unatosha kumshikilia mtu. Akiwa karibu, mnyooshee kasia, fimbo au leso huku umelala chini au umeshikwa na mwenzako. Msikimbilie wote upande mmoja, mtaipindua boti yenu. Injini izimwe mkimkaribia, kwa sababu panga zake zinakata.

Akitolewa akiwa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Anahitaji kupuliziwa pumzi mdomoni na kubanwa kifua, bila kupoteza muda. Jifunze hayo kwa mafunzo ya huduma ya kwanza kabla siku hiyo haijafika.

Na jaketi la kuokolea maisha? Livae mkiwa bado ufuoni. Najua linaharibu picha na linanuka jasho la wenzako. Livae tu. Asiyelivaa hawezi kumsaidia mtu, yeye mwenyewe anangoja kusaidiwa.

Utaniambia wewe ni mtu wa Umoja au Kayole, bahari iko mbali. Sawa. Lakini Desemba utapanda SGR kwenda Mombasa, uvuke Likoni. Ama utaenda Naivasha na marafiki kuona viboko, mpande boti bila kuuliza maswali. Siku hiyo mkikuta mtu majini, huenda nahodha wenu akasita, na mtu nyuma aseme mnachelewa.

Mimi siku yangu nilikuwa na mikono miwili na yote ilikuwa imeshika simu. Yako ipumzishe mapema.