Nani kasema ajali haina kinga?

Likoni, Kisauni na Changamwe kila moja ina hatari yake barabarani. Sheria ni zile zile, lakini ni wangapi wanaozikumbuka?

Msomaji mpenzi, kila ukienda matangani kwa mtu aliyegongwa na gari, hukosi kumsikia mzee mmoja akivuta pumzi na kusema, "Ajali haina kinga." Waliokaa mkekani huitikia kwa kichwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna anayeuliza gari lilikuwa likienda kasi gani, breki zake zilikaguliwa lini, wala marehemu alikuwa akivukia wapi.

Methali hiyo ni ya kweli, lakini tumeitwika mzigo usiokuwa wake. Neno "ajali" limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu ya kufa. Wahenga walitaka kusema kwamba siku hiyo ikifika haikingiki. Hawakuwa wakizungumzia matatu yenye tairi kipara, wala dereva anayepiga soga na simu juu ya Daraja la Nyali. Hayo ni mambo ya watu, na mambo ya watu yana kinga. Isitoshe, kinga yenyewe imeandikwa: ni sheria za barabarani.

Takwimu za NTSA, mamlaka ya kitaifa inayosimamia usalama wa barabara, zaonyesha kwamba katika kila mmoja wa miaka ya 2022, 2023 na 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani nchini Kenya. Kundi kubwa kuliko yote si la madereva wala abiria. Ni la waendao kwa miguu: mama anayetoka sokoni, kijana anayerudi kazini, mtoto anayekwenda chuoni kusoma Kurani. Kwa hivyo makala haya hayamhusu mwenye gari peke yake. Yanakuhusu wewe pia unayevuka barabara.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ni moja kwa nchi nzima. Lakini sisi wa bara ya Mombasa tunaingia kisiwani kwa milango mitatu mikuu: feri ya Likoni, Daraja la Nyali kwa watu wa Kisauni, na Makupa kwa watu wa Changamwe. Kila mlango una hatari yake. Hebu tuupitie mmoja mmoja.

LIKONI: SHIKA ADABU

Kule Likoni kuna mtaa uitwao Shika Adabu, na jina hilo lingefaa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila kizingiti cha feri. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 300,000 huvuka kivuko hicho kila siku, na wengi wao huvuka wakiwa na haraka.

Kivuko kimetufunza kwa uchungu. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imesheheni watu asubuhi, na 272 kati yao wakafa maji. Septemba 29, 2019, gari dogo liliserereka kinyumenyume kutoka kwenye feri ya MV Harambee na kutumbukia baharini. Ndani yake mlikuwa na mama na bintiye mdogo. Ilichukua karibu majuma mawili kabla ya gari na miili yao kutolewa.

Basi dereva, ukipanda feri, subiri uelekezwe pa kuegesha. Ukisha kusimama, zima injini, vuta breki ya mkono na uache gari kwenye gia. Breki ya mkono iliyolegea haifai kungoja mwisho wa mwezi. Usianze kutembeza gari mpaka feri iwe imetulia, mlango umeteremshwa na mhudumu amekupa ishara.

Nawe wa miguu, usikimbilie feri inayoondoka. Nyingine yaja. Usiruke kabla mlango haujagusa nchi kavu, na usijipenyeze kati ya magari ambayo injini zake zimeshawashwa. Ukiwa na mtoto, mshike kifundo cha mkono, si vidole. Vidole huteleza.

KISAUNI: MWENDO NA SIMU

Daraja la Nyali tulilo nalo lilifunguliwa 1980, likachukua nafasi ya daraja la kuelea lililokuwapo tangu 1931. Siku hizi asubuhi magari ya kutoka Bamburi, Mtopanga, Kiembeni na Bombolulu yote hukutana hapo. Ukishakwama kwa nusu saa, njia ikifunguka mguu wenyewe hukanyaga mafuta. Hapo ndipo sheria ya mwendo inaposahauliwa.

Ndani ya mji, sheria yakuruhusu kilomita 50 kwa saa, wala si zaidi. Wengi huiona sheria hiyo kama njama ya polisi ya kuwatilia mtego. La hasha! Fanya hesabu mwenyewe. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 80, husafiri mita 22. Ukimwona mtoto amekurupuka mbele yako, sekunde nzima yaweza kupita kabla mguu wako haujafika kwenye breki. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kufunga breki huongezeka takriban mara nne. Kwenye mvua ya kwanza ya masika, lami ikiwa na utelezi wa mafuta na vumbi, masafa hayo huongezeka zaidi.

Sasa ongeza simu. Kusoma ujumbe kwa sekunde tatu ukiwa kwenye kilomita 50 ni kusafiri zaidi ya mita 40 ukiwa kipofu. Kanuni za makosa madogo za barabarani za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa kosa hilo. Bila shaka maisha ya mtu yana thamani kuliko hiyo.

Waendao kwa miguu nao wana sheria zao. Pale pasipo na kijia cha miguu, tembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia. Kabla ya kuvuka, tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, kwa kuwa nchini mwetu gari la karibu hutokea kulia kwako. Ukishuka matatuni, usikatize mbele yake. Dereva wa gari linaloipita hiyo matatu hakuoni, nawe humwoni. Ingoje iondoke, ndipo uvuke.

Kuna pia saa zilizo hatari. Mwezi wa Ramadhani, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, kila mtu anataka kufuturu nyumbani kwake, na barabara hugeuka uwanja wa mashindano. Tende moja na chupa ya maji ndani ya gari zinatosha kumwondolea dereva haraka hiyo.

CHANGAMWE: MPISHE TRELA

Daraja jipya la Makupa lilifunguliwa 2022, lakini mwenzetu wa Changamwe, Mikindani, Magongo au Miritini bado anagawana barabara na malori yanayotoka na kuingia bandarini. Trela yenye kontena si matatu kubwa. Ni chombo cha namna nyingine kabisa, na aliye karibu nayo yafaa aijue tabia yake.

Kwanza, haisimami upesi. Ile nafasi unayoiona mbele ya trela si zawadi ya kujichomeka. Dereva ameiacha makusudi ili apate pa kufungia breki. Pili, kuna sehemu ambazo dereva haoni kitu, hasa ubavu wa kushoto na nyuma kabisa. Ikiwa huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni wewe. Tatu, inapopinda kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, bali hukata ndani. Mwenye pikipiki au baiskeli aliyejipenyeza kati ya trela na ukingo wa barabara hujikuta hana pa kukimbilia.

Kwa hivyo, lipite trela upande wa kulia tu, na pale tu unapoona mbele na pasipo na mstari usiokatika. Ukifika kwenye mzunguko, wapishe walio kuliani kwako. Nanyi wenye malori, kontena lina kufuli kwenye pembe zake nne za chini. Zikague zote kabla ya kutoka getini. Kontena lisilofungwa likianguka halichagui.

BODABODA NA TUKTUK

Vyombo hivi vimetufaa sana, hasa vichochoroni ambako matatu haifiki. Lakini bodaboda ni ya abiria mmoja, na yeye pamoja na mwendeshaji yafaa wavae kofia ngumu na jaketi lenye kung'aa. Ile desturi ya kumweka mtoto katikati kama nyama ndani ya sambusa ni kuvunja sheria, hata kama shule iko karibu.

Dada zetu, lipo jambo ambalo aghalabu halisemwi. Ncha ya buibui au leso inayopepea ikinaswa na mnyororo au spoki za pikipiki, yaweza kukuangusha kabla hujapata nafasi ya kupiga kelele. Zikusanye nguo, uzikalie, ndipo umwambie mwendeshaji aondoke. Na tuktuk inayopanda kwenye kijia cha waendao kwa miguu ili kukwepa foleni imewapora njia yao. Ukiwa abiria ndani yake, mwambie dereva arudi barabarani.

ABIRIA NAYE ANA SAUTI

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni maneno matupu, kwamba Mkenya habadiliki. Historia yakataa. Kabla ya 2004, abiria wa Nissan walipakiwa kama dagaa, wengine wakisimama wameinama, kichwa kikigusa paa. Februari 1, 2004 kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zikaanza kutekelezwa: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, utepe wa manjano, sare kwa dereva na makanga, na abiria 14 tu kwa Nissan. Siku za mwanzo magari mengi yaliadimika na watu wakatembea kwa miguu. Lakini baada ya hapo tuliketi kila mtu kitini pake, na ajali zikapungua kwa muda.

Zilipungua kwa muda, kisha tukalegea. Nani alilegea? Ni rahisi kumtaja askari aliyepokea kitu kidogo, na kweli lawama yake ipo. Lakini makanga anaposema, "Songa kidogo mama, huyu anashuka hapo mbele," ni sisi tunaosonga. Dereva anapokata njia ya upande usio wake kukwepa foleni, ni sisi tunaomsifu kwamba anajua kazi. Abiria mmoja akisema, "Dereva, polepole, tuna watoto humu," wenzake humgeukia na kumwambia achukue teksi.

Msomaji, siku nyingine usimwache peke yake. Sauti ya mtu mmoja hupuuzwa, lakini watu watano wakisema pamoja, dereva hupunguza mwendo, maana nauli yao ndiyo mshahara wake. Funga mkanda hata kama safari ni ya steji mbili. Mtoto asikae mapajani kiti cha mbele. Gari likishajaa, ngoja jingine.

Na wiki hii, wewe mzazi, fanya jambo moja. Mchukue mwanao, mwende pamoja kwa miguu njia anayopita kwenda shule na ile anayopita alasiri kwenda chuo. Mtafutie mahali pa kuvukia ambapo anaonekana na anaona, hata kama ni kuzunguka kidogo. Mwache avuke mbele yako mara tatu, nawe umtazame kama kweli anageuza kichwa kulia kwanza. Kazi hiyo haikugharimu hata senti moja, na hakuna askari wala waziri awezaye kukufanyia.