Cha juu sebuleni kwa shangazi

Jumamosi moja alfajiri, shangazi yangu wa Kigamboni alifungua geti akakuta Fuso limeegeshwa nje na vijana wanashusha taa na jenereta. Dalali alikuwa amemwambia watakuja watu kumi, washuti vipande viwili sebuleni, saa kumi jioni wawe wameondoka. Walikuja karibu arobaini, na wakatoka saa sita usiku. Jenereta lilipogoma walihamia kwenye umeme wa nyumba. Yuniti za LUKU alizonunua juzi yake zikaisha kabla ya magharibi.

Hayo angeyameza. Kilichomuuma ni pale msimamizi wa fedha wa timu ile alipomshukuru kwa kuwapunguzia bei hadi laki saba. Shangazi alikuwa amepewa laki tatu.

Zile laki nne mjini zina jina: cha juu. Dalali wa nyumba za kupanga Dar es Salaam anachokula kinajulikana, kodi ya mwezi mmoja, na mpangaji anajua kabla hajaingiza godoro. Dalali wa lokesheni hana kiwango chochote kinachofahamika. Anataja bei moja kwa mwenye nyumba, nyingine kwa mtayarishaji, na anahangaika siku nzima ili wawili hao wasizungumze.

Nilitaka kumlaani, hadi nilipokaa na wachache wao wakanieleza upande wao. Mtayarishaji anapiga simu: anataka nyumba ya ghorofa yenye ngazi ya ndani, dirisha linalopokea jua la asubuhi, mtaa usio na baa wala gereji ya kupiga kelele. Dalali anazunguka siku tatu kwa nauli yake ya bodaboda, anabembeleza wenye nyumba, anapiga picha na kutuma. Kisha kimya. Wiki mbili baadaye anasikia filamu inashutiwa kwenye nyumba ileile. Timu ilimrudia mwenye nyumba kimyakimya na kumruka yeye. Aliyerukwa hivyo, safari nyingine hamtaji mwenye nyumba na hasemi bei halisi. Cha juu kinazaliwa hapo, na ndiyo maana naona watayarishaji wana sehemu kubwa ya kosa wanalolilalamikia.

Dawa ninayoiamini ni kumlipa dalali kwa kutafuta, hata nyumba isipochukuliwa, halafu asilimia yake ya kodi iandikwe mbele ya wote watatu. Kenya, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, kampuni ya kigeni huomba leseni ya kupiga filamu kupitia wakala wa ndani aliyesajiliwa. Mambo yakiharibika, kuna mtu wa kuulizwa. Kwetu Tanzania, chini ya Sheria Namba 4 ya 1976, mtayarishaji hutakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Filamu, lakini mapatano ya sebuleni mara nyingi yanabaki ya mdomo.

Karatasi yenyewe si ndefu. Watu wangapi, saa ngapi hadi saa ngapi, saa ya ziada inalipwaje. Umeme na maji ni vya nani. Dhamana inarudishwa siku gani. Picha za kila chumba kabla kochi halijasogezwa, maana bila picha ubishi wa mkwaruzo kwenye vigae hauishi. Rangi ya ukuta ikibadilishwa, nani anairudisha.

Penye uwanja au kichochoro cha watu wengi, kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna geti la kubisha. The Constant Gardener, iliyotoka 2005, ilipigwa Kibera na Loiyangalani, na waliohusika nayo walianzisha mfuko wa kusaidia elimu kwa wakazi wa huko. Hiyo ni njia mojawapo ya kuhakikisha fedha haziishii mfukoni mwa wachache waliosimama karibu na kamera.

Mwaka huu timu nyingine ilimtafuta shangazi. Akasema hazungumzi na mtu mmoja mmoja: dalali aje, mtayarishaji aje. Akawatandikia mkeka barazani, akawapa chai, akasoma karatasi mstari kwa mstari. Kabla ya kusaini alinituma nikaangalie mita ya LUKU, nikaandike yuniti zilizobaki pembeni ya jina lake.